Pa Kukaa

Fundi Shaame, siku ya kwanza sikukwambia kweli.
Nilisema baskeli "ina kasoro kidogo,"
ukakaza breki, ukapaka mnyororo grisi,
ukazungusha gurudumu ukalisikiliza kama daktari,
ukanambia: "Mwalimu, mbona nzima?"

Nzima ilikuwa. Mgonjwa mimi.

Ningesemaje, mbele ya benchi la wanaume watatu
na redio ya mpira, kwamba toka Wete hadi Konde
nusu ya njia nimekanyaga nimesimama,
na usiku nikakaa upande upande
kama mgeni aliyepewa kiti kibovu?
Lugha yetu ina staha: tuna "huko," tuna "kunako,"
tuna kukohoa na kutazama pembeni.
Hatuna pa kusemea: fundi, hapa panachubuka.

Mara ya pili nikasema "siti ngumu."
Ukafurahi. Ukaniletea godoro,
nene, jeli ndani, pana kama sinia,
"Hii ya kike," ukaipiga kofi, ikabonyea.
Wallahi nilikushukuru mpaka Mzambarauni.
Baada ya hapo sponji likaanza kupanda,
likaingia pasipoalikwa,
mapaja yakasuguana nalo kila mzunguko,
nikajua kilaini nacho kina meno.

Ni Mize aliyenicheka. Mize mkunga,
tunayetoka naye Jumapili alfajiri,
suruali chini ya baibui lililopunguzwa,
kofia ngumu juu ya mtandio.
"Mficha uchi hazai," akanambia,
"na wewe umemficha fundi. Atazalisha nini?"
Akapasua boksi la tambi, akalitandika ngazini.
"Kaa. Inama kama umeshika usukani. Inuka."
Vikabaki vibonyeo viwili, vidogo,
kama mtu kajaribu unga wa maandazi kwa vidole gumba.
"Mifupa yako ya kukalia, hiyo.
Nyama haikai, mwalimu. Mtu hukaa mfupa."
Nikachukua rula ya darasani:
sentimita kumi na tatu na nusu, kati kwa kati.
Miaka kumi na tisa nafundisha vipimo,
sijapata kujipima.

Ndipo nikaja kwako na boksi langu.
Benchi lilikuwa limejaa, na sikuchagua maneno.
Siti yako nyembamba, nikasema, mifupa yaning'inia nje.
Siti yako nene, yanibana katikati.
Nataka nyuma ivienee hivi vibonyeo
na kidole cha ziada kila upande,
pua fupi, mfereji katikati,
na ugumu wa mkeka juu ya sakafu,
si wa sakafu yenyewe.
Na ukiifunga, pua iiname unene wa sarafu, isizidi,
nisije nikateleza, mikono ikabeba kiwiliwili.

Kimya. Redioni mtu akakosa penalti,
hakuna aliyepiga kelele.

Nami nikawaza, nikikungoja:
lugha hii hii yenye haya
bibi mwenye heshima zake imemwita siti,
na hicho cha kukalia, siti.
Kama ni neno moja,
mbona mmoja tumempa mto na mwingine kidonda?

Hukucheka. Ukaingia ndani,
ukatoka na gunia la siti kuukuu za kontena,
ukaziweka moja moja juu ya boksi
kama fundi cherehani anayelinganisha bega.
Hii hapana. Hii hapana. Hii labda, hapana.
Ya sita, nyeusi, kona imechanika,
katikati imeachama kama mdomo wa changu.
Ukaipangusa kwa shati lako.

Sasa nimekwenda nayo Ngezi mara mbili.
Sisemi nimesahau kwamba ipo.
Ila huikumbuka nikishafika, si njiani.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni ile sauti yako,
umeinamia spana, umelipa mgongo benchi:
"Boksi hili utaniachia?
Bikombo wangu kila siku hurudi akiikokota baskeli.
Mie nilidhani mlima."

Nikakwambia hili langu, halitamfaa.
Mpelekee boksi tupu.